Kidoti Upande wa Kulia

"Nakwambia si yeye! Si yeye, si yeye, na nikifa mniandikie hivyohivyo: alisema si yeye!"

Mama Redio alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, beseni la nguo kiunoni, sauti juu ya mabati. "Yule wa ukutani kidoti chake kipo shavu la kulia. Huyu wetu kipo kushoto. Tangu azaliwe kipo kushoto. Au siku hizi vidoti navyo vinahama nyumba?"

"Kulia kwako au kulia kwake?" aliuliza Msusi kutoka kibarazani kwake. Kichwa cha mteja wake nusu kilikuwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama wima kama zimesikia habari za kutisha.

"Kulia ni kulia, mama!"

"Siyo. Ukimtazama mtu, kulia kwako ni kushoto kwake. Mimi napasua njia za nywele kutwa nzima, najua."

"Hilo nililifikiria, usinione hivi. Niliupa ukuta mgongo, nikajishika shavu, nikageuka tena. Watu wa mkahawani wakadhani nimepandwa na kitu. Ni kulia, shoga. Kulia kwake mwenyewe. Sasa niambie, mtaa huu nani mwingine ana kidoti shavu la kulia?"

Aliyejibu ni mteja, ambaye hata hakuulizwa.

"Madamu."

"Haya! Sijasema mimi."

Ndani, hatua nne tu kutoka hapo, mwenye kidoti cha kushoto alikuwa amekaa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni, mguu umeganda juu ya pedali. Mtaa mzima ulimwita Kidoti, hata wateja waliomletea nguo kwa mara ya kwanza. Alikuwa akijifanya anashona. Pindo la gauni lililokuwa chini ya sindano lilikuwa halijasogea hata inchi moja tangu Mama Redio afungue kinywa.

Ukuta uliokuwa unagombaniwa ulikuwa wa mkahawa wa Madamu, pale kona. Wiki tatu Rangi, mchoraji aliyetaka kumwoa Kidoti, alikuwa juu ya ngazi akiuchora, nyuma ya turubai kubwa, na akishuka ngazini anaingia jikoni kupiga picha vyakula vya kuweka kwenye menyu. Leo asubuhi turubai lilikuwa limeshushwa. Kidoti hakuwa amekwenda kuangalia. Rangi alimwambia asubiri, atampeleka mwenyewe. Sasa alikuwa anajiuliza alikuwa anasubirishwa kwa nini.

"Na kingine," Mama Redio alishusha sauti, jambo ambalo siku zote lilimaanisha kwamba sasa kila mtu asikilize. "Amevaa shati la mwanaume."

"Umejuaje?"

"Vifungo, shoga! Fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku ile alipokuwa ananirekebishia blauzi. Vya mwanamke vinashonewa upande wa kushoto, vya mwanaume upande wa kulia. Yule wa ukutani vifungo vyake viko kulia, vimepangana kama askari. Shati jeupe, kola wazi. La nani? Mumewe marehemu ana miaka miwili kaburini. Na shingoni ana mkufu wa dhahabu mnene huo, umeshuka mpaka kifuani. Madamu asipojipamba yeye ajipambe nani?"

Msusi alishusha pumzi. "Mimi sikutaka kusema," alisema, akimaanisha kwamba alitaka sana. "Juzi Rangi alinunua kwangu chupa ya mafuta ya nywele. Ile kubwa. Na yeye kichwa chake amenyoa kipara."

Kidoti alizitema pini kiganjani. Kidoti cha shavu angeweza kukibishia. Mkufu angeubishia pia. Lakini vifungo alimfundisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, tena bure.

Mama yake alitokea mlangoni mwa jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

"Nilisema miezi minane iliyopita nikanyamaza. Nilisema mwanaume anayeamka asubuhi hajui leo atakuwa kwenye ukuta wa nani, huyo ataishia barazani kwangu, ndani haingii. Sasa Jumapili analeta mjomba wake hapa kukuulizia. Amkalishe wapi? Chini ya ukuta wa Madamu?"

Jumapili ilikuwa kesho kutwa. Alikuwa ameshashona nguo ya kuvaa, na ilining'inia nyuma ya mlango ikimtazama.

*

Rangi alifika saa nne, kama kawaida yake, begi la kamera begani, kucha zina rangi ya chungwa na ya majani. Alikaa kwenye benchi la barazani, pembeni ya mlango. Hapo ndipo alipokaa miezi yote minane. Kutoka pale hakuweza kuiona cherehani wala mshonaji, kwa sababu fremu ya mlango ilimkinga. Lakini ukutani, mkabala na mlango, kilisimama kioo kirefu cha kupimia nguo, na ndani ya kioo alimwona Kidoti mzima, kuanzia mkunjo wa kilemba mpaka ncha ya kiatu juu ya pedali. Mama alikataza kuingia. Kioo hakukikataza. Mapenzi yao yote yalipitia humo, kucheka kwao, kununa kwao, hata siku ile aliyomwambia anataka kumwoa alimwambia kiooni.

"Fundi wangu," alisema. "Za asubuhi?"

"Zipo."

"Zipo tu?"

"Ulitaka ziwe wapi?"

Rangi aliinama kidogo amwone vizuri. Kidoti aliinua macho, yakakutana na yake ndani ya kile kioo, na kwa sekunde moja moyo wake ulitaka kusahau kila kitu. Alikuwa na macho yanayotua, huyu mwanaume. Hayaruki huku na huku. Yakitua, yametua. Ndiyo maana alijiuliza wiki hizi tatu yalikuwa yametua wapi.

"Turubai limeshuka," Rangi alisema.

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Aliye ukutani ni nani?"

Rangi alitabasamu, akatazama vidole vyake. "Nilitaka ukaone kwanza."

"Mimi nimekuuliza ni nani."

"Ni mtu ninayemtazama kila siku."

"Kila siku?" Pini moja ilimchoma kidole, hakuisikia. "Wiki tatu hizi, kila siku?"

"Zaidi ya wiki tatu!" Na akacheka.

Angejua kicheko kile kilivyoingia, angekimeza. Kidoti alisogeza kiti nyuma. "Kidoti chake kiko shavu gani?"

"Pale kilipo."

"Shati lake ni la nani?"

"La kwake mwenyewe. La nani tena?"

"Mafuta ya nywele ulimnunulia nani?"

Hapo Rangi alipepesa macho. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ulinunua."

"Nilinunua. Ni ya kuku."

Kule kibarazani kwa Msusi, hata kitana kilisimama.

"Ya kuku," alirudia Kidoti polepole.

"Kuku wa picha, Kidoti. Ukimpiga picha mkavu anaonekana kama kiatu. Unampaka mafuta kwa brashi, anang'aa. Juisi naitia povu la sabuni. Ule mvuke unaouona kwenye picha ya wali ni pamba nimeichovya maji ya moto nikaificha nyuma ya sahani. Chakula cha picha hakiliwi. Wiki tatu niko jikoni kwa watu, sijala hata bawa."

"Unanukia kuku toka hapo mpaka hapa."

"Nanukia, sijala."

"Mwanaume ananuka jiko la mjane na anasema hajala!" Sauti ya mama ilitangulia, mwili ukafuata. Alisimama kizingitini, mikono kiunoni, akikiziba kioo chote. "Mwanangu amekuuliza maneno manne. Kila moja umelijibu nusu. Mwambie mjomba wako Jumapili apumzike kwake."

"Mama, shikamoo, naomba..."

"Marahaba. Kwaheri."

Rangi alisimama, akajaribu kuchungulia pembeni ya bega la mama, lakini mama alilifuata jicho lake kwa bega. "Kidoti," aliita kwa sauti ya chini. "Nenda ukaone. Usinisikilize mimi, usiwasikilize wao. Nenda tu."

Kisha akaondoka. Hatua zake zilipopita kibarazani kwa Msusi, hakuna hata mmoja aliyemsalimia, na hiyo mtaani kwao ilikuwa zaidi ya kutukanwa.

*

Saa sita kasoro Kidoti alitia futi yake ya kupimia kwenye mkoba, ingawa hakuwa anakwenda kupima mtu. Mikono yake ilihitaji kitu cha kushika. Mama alivaa viatu bila kuulizwa.

"Naenda peke yangu, mama."

"Nenda. Na mimi naenda peke yangu, njia hiyohiyo."

Mkahawa ulikuwa umeanza kujaa. Madamu alikuwa kwenye meza ya karibu na mlango, mwanamke mnene mwenye haiba, kidoti chake cheusi kikicheza shavuni kulia kila alipocheka, na alikuwa mtu wa kucheka.

"Karibuni, karibuni! Fundi, leo umetukumbuka. Umekuja kuniona nilivyotundikwa ukutani?"

Kidoti alihisi mkono wa mama ukimshika kiwiko.

"Ni wewe, Madamu?"

"Tangu asubuhi watu wananipongeza. Mimi nikatae, nina wazimu?"

Ndani zaidi, karibu na dirisha lenye mwanga, Rangi alikuwa amepiga goti mbele ya sahani. Hakuwaona. Alikuwa na brashi ya rangi mkononi, na kando yake ilisimama chupa ya Msusi, ile kubwa, yenye picha ya msichana mwenye nywele ndefu. Alichovya brashi, akampaka kuku mgongoni taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mchanga. Kuku aling'aa kama amemaliza kuoga.

"Mungu wangu," mama alinong'ona. "Kweli anampaka kuku."

Moja. Kidoti alilihesabu moyoni jibu hilo la kweli, lakini hakulainika. Kuku hakuwa ndiye aliyemnyima usingizi. Aligeuka kuutazama ukuta.

Mwanamke alikuwa mkubwa mara tatu ya mtu. Ameinama kidogo, ameinua mkono wa nguo kuelekea mwanga, uzi kaubana kwa meno. Na kidoti kilikuwa shavu la kulia. Kulia kwake mwenyewe, Mama Redio hakukosea. Vifungo vilikuwa kulia. Mkufu wa njano ulizunguka shingo ukashuka mpaka kifuani. Alikaribia, kwa sababu fundi haangalii nguo kwa mbali, akakaribia tena mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

Mkufu ulikuwa na mistari midogo midogo. Na namba.

Ilikuwa futi. Futi ya kupimia, ile ya njano, ile iliyokuwa kwenye mkoba wake wakati huo. Lakini namba zake zilikuwa zimegeuka. Tatu ilitazama upande usio wake, saba imeegemea kinyume, kama zimeandikwa na mtoto wa siku ya kwanza shule.

Alirudi kwenye vifungo. Cha tatu kutoka juu kilikuwa kidogo kuliko wenzake, na rangi yake ilikaribia samawati. Kifungo kile alikishona yeye, mwaka jana, cha asili kilipopotea, kwenye blauzi yake nyeupe aliyoikata mwenyewe.

Akainua macho usoni. Hakuwa Madamu. Alikuwa yule mwanamke anayeonana naye kila asubuhi akipiga mswaki, yule anayemfunga kilemba, anayemkagua kabla hajafungua duka. Sura ile aliijua kuliko mtu yeyote pale mtaani, na ndiyo maana mtaa mzima haukuijua. Wao walimwona kwa macho. Yeye alijiona kwa kioo.

"Umekata kitambaa kimelala kifudifudi, kushoto kumekuwa kulia," alisema, bila kujua kwamba amesema kwa sauti.

Rangi alishtuka, brashi ikaanguka kwenye wali. "Kidoti!"

"Njoo hapa. Picha uliyochorea hii uliipigia wapi?"

Alikuja akijipangusa mikono kwenye suruali. Alitazama chini. "Benchini."

"Nilikukataza kunipiga picha."

"Ulinikataza."

"Ukaniibia kwenye kioo."

"Niliiba. Siku ile ulipoinua mkono wa gauni la bi harusi kwenye mwanga. Nilishindwa, Kidoti. Ndiyo maana sikuweza kukujibu asubuhi. Nilijua ukiona utafurahi kwanza, halafu utanigombeza."

"Na namba za futi? Hukuona zimegeuka?"

"Nilidhani ni upande wa nyuma wa futi. Nilichora nilichokiona."

"Na kidoti changu kiko shavu gani?"

Rangi alitazama ukuta. Alimtazama yeye, uso kwa uso, mchana kweupe, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa shavu lake la kulia, ukasita, ukahamia la kushoto.

"Kiko kushoto," alisema taratibu.

"Miezi minane!" mama alilipuka, na wateja waliokuwa wanakula waliacha kujifanya hawasikilizi. "Miezi minane anamtaka mtu, na hajui kidoti chake kiko shavu gani! Jumapili angeoa upande upi?"

"Ningejulia wapi, mama?" Hakupandisha sauti. "Ninakaa benchini. Sijawahi kuvuka kizingiti. Nikikutana naye njiani ana haraka na watu wanatutazama, naangalia chini kwa heshima yako. Mimi mwanao namjua kwa kioo tu. Hii ndiyo sura niliyoruhusiwa."

Mama alianza kurekebisha kanga ambayo haikuwa na kasoro.

Madamu alikuwa amesogea na kikombe chake. "Mimi nilijua si mimi," alikiri. "Shingo ile naipata wapi? Lakini watu wakikupa sura kubwa hivyo asubuhi na mapema, unaikataa?"

Kidoti hakucheka. Alikuwa bado na jambo moja, na lilikuwa dogo, na lilimuuma kuliko yote. "Walipokuwa wanasema ni Madamu, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisemaje?"

"Nilicheka. Yeye ndiye mwenye ukuta, alikuwa amefurahi, nikaona nisimharibie siku."

"Ukaiharibu ya kwangu."

"Nikaiharibu ya kwako."

"Basi sasa usicheke. Sema."

Alimwangalia kama anauliza wapi, kwa nani. Kidoti aliinua kidevu kuelekea mezani, kwenye vijiko vilivyosimama hewani. Rangi alipanda ngazi yake, daraja la pili, begi la kamera likimpiga mgongoni.

"Jamani, mnisamehe, muendelee kula. Huyu wa ukutani si Madamu. Huyu ni fundi wa nguo, yupo hapa chini, amenikasirikia. Nimemchora kinyume kwa ujinga wangu. Ni yeye."

"Tulijua!" alipaza mtu mmoja nyuma, na ilikuwa sauti ya Msusi, ambaye hakuna aliyemwona akiingia. Pembeni yake Mama Redio alikuwa amejifunika uso kwa menyu.

Rangi alishuka, akaokota brashi. "Nakihamisha sasa hivi. Dakika kumi tu, kitakuwa kushoto."

"Usiguse."

"Watu wataendelea kusema si wewe."

"Waseme. Hivi ndivyo ninavyojiona mimi." Alikunja futi yake, akairudisha kwenye mkoba. Sauti yake ilikuwa bado na pini ndani yake. "Lakini picha uliiba, Rangi. Hilo hatujalimaliza."

*

Saa nane benchi lilikuwa na mtu. Rangi hakuwa na begi. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, na alipoinua macho kutafuta kioo alikuta kimefunikwa shuka.

"Nani kakifunika?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Kidoti kutoka upande asioweza kuuona.

"Kwa hiyo hata hapo nimefukuzwa."

Ndani vilisikika vyombo, kisha ndara za mama, polepole, mpaka kizingitini. Alimtazama kuanzia kipara mpaka viatu, kama fundi anayepokea nguo iliyorudishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kidoti cha mwanangu kiko shavu gani?"

"La kushoto, mama."

"Umekariri."

"Nimekariri."

"Kukariri siyo kujua." Mama aliinama, akamnusa bega bila aibu yoyote, akakunja pua. "Bado unanuka kuku wa watu. Siku tatu nitakunusa kila ukija, ujue. Na yule mjane sijammaliza."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo kamera ibaki kwenu."

"Nimeiacha, mama."

Mama alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Mtaani kitana cha Msusi kilikuwa kimenyamaza tena. Halafu mama akasogea pembeni, kidogo tu, upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Kanawe mikono. Utakaa upande ule wa meza, yeye upande huu, uso kwa uso, na mimi katikati niwaone wote wawili. Ingia basi, unasubiri nini? Chakula kinapoa, na hiki ni cha kuliwa."